Simjui Huyu Yaya

Kilichoninyima usingizi kilikuwa sentensi moja: "Simujui huyu mwanamuke." Nilitakiwa kuisema mbele ya parokia nzima, katika mchezo wa zamani ambao kila kizazi cha vijana wetu kimeuigiza. Baba anakufa, watoto wanagombania nyumba, kisha anatokea binti aliyezaliwa nje ya ndoa. Mimi ndiye kijana wa kumfukuza.

Shida ni kwamba binti kama huyo ninaye. Dada yangu wa baba mmoja analima kule Mudaka. Nilimwona kwenye matanga ya papa, baba yetu, ameketi nyuma kabisa, na hakuna aliyemtambulisha. Tangu hapo maman anamwita "ule wa Mudaka", na nyumba ya papa kule Bagira tumekwisha kuigawa kwa maneno bila yeye.

Je, akija kutazama, atadhani ninamwambia yeye? Na nisipomwalika, si nitakuwa nimekwisha kumwambia? Nikamwomba kiongozi wa kundi anipe nafasi ya mhusika mwingine.

"Umesoma droit, sheria yote, mpaka mwisho," akanijibu, "na unaogopa maneno tatu?"

Kwenye mazoezi nikamtazama msichana aliyeigiza binti yule, nikafungua mdomo: "Simujui huyu yaya."

Ukumbi mzima ukacheka. Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa. Humkani mtu huku unampa cheo chake. Maman, aliyekuwa akitushonea mavazi kwenye benchi la mbele, hakucheka.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniuliza, "Ulikuwa unawaza ule wa Mudaka?"

"Ndiyo, maman."

Akatembea kidogo. "Iko na uso ya papa yako. Ile ndiyo inaniumizaka, siyo nyumba." Kisha, pole pole: "Mimi siwezi kumuita. Lakini akikuja, asikae nyuma."

Kesho yake nilikwenda Mudaka. Nilimkuta shambani, mikono imejaa udongo. Hotuba niliyoitunga njiani ikanipotea.

"Yaya," nikasema, "siku ya mungu, kisha misa, tunacheza mchezo. Nitakufukuza ndani yake."

"Unifukuze?" Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nani alikuambia niliingiaka?"

"Njo maana nimekuja. Kiti yako iko mbele, pembeni ya maman. Na kipande yangu ya Bagira, tutaigawana."

Akajaza kikapu maharagwe mabichi, akanipa nibebe.

"Ya maman," akasema.