Ngazi Ishirini na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchora hata mstari mmoja. Mchoraji Mkuu alinipa wembe na karatasi ya tresing, ile inayopitisha mwanga, iliyojaa wino, akasema, "Toa hiyo yote. Nikiona alama, unarudi kwenu Katito." Ilikuwa Kisumu, miaka michache baada ya Uhuru, katika ofisi ya wasanifu majengo ambayo sitaitaja jina. Sitaki kuichafua, na kuisafisha nimechoka.

Ninyi mnaochora kwa kompyuta hamjui taabu hiyo. Wino haukutoka kwa raba. Tuliukwangua kwa wembe, taratibu, kisha tukasugua karatasi kwa ukucha ilainike, maana ukichora tena juu ya mkwaruzo wino husambaa na mstari huvimba. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Haukupita muda Bwana Msanifu, mwenye ofisi, akawa ananiletea makosa ya wengine niyaondoe.

Kisha ukaja mradi wa kliniki ya wagonjwa wa moyo, kilimani, mbele yake ziwa lote. Washirika walikuwa watatu. Bwana Msanifu alichora majengo. Mama mmoja mtaalamu wa bustani, tuliyemwita Mama Maua, alipanga miti, nyasi na njia. Wa tatu alikuwa Daktari wa moyo mwenyewe. Huyu alitueleza sisi wachoraji kwamba wagonjwa wake wengi ni vijana walioumwa koo utotoni, wasitibiwe, ugonjwa ukashuka ukaharibu valvu, yaani vile vilango vya moyo. "Akiwa amekaa utasema ni mzima," alisema. "Mwambie apande ngazi, ndio utajua."

Mimi nilijua tayari. Dada yangu Akinyi, aliyeolewa Pap Onditi, alikuwa na moyo wa namna hiyo. Alikuwa hawezi tena kuteka maji, na kliniki hiyo niliingoja kwa ajili yake.

Washirika hao waliheshimiana mno, na heshima yao ndiyo ninayoichukia mpaka leo. Walikubaliana hivi: ndani ya ukuta wa jengo ni kwa Bwana Msanifu, nje ni kwa Mama Maua, na mgonjwa ni wa Daktari akishafika kitandani. Hakuna aliyegusa eneo la mwenzake. Basi kutoka getini, magari yanapoishia, mpaka mlangoni, kulikuwa na mwinuko wa futi kumi na moja, na mgonjwa wa kupanda mwinuko huo hakuwa wa mtu yeyote kati yao. Nikamchorea njia ya mteremko: kila futi moja ya kupanda, futi kumi na mbili za kwenda mbele. Ilibidi ijizungushe katikati ya bustani.

Mama Maua akaja kwenye ubao wangu.

"Okelo, hii kitu gani imekata nyasi yangu?"

"Njia ya wagonjwa, Mama. Mtu wa moyo ngazi itamshinda."

"Tutaweka ngazi nzuri za mawe, na benchi katikati. Watakaa waone ziwa. Kwangua."

Nikaenda kwa Bwana Msanifu. Alinitazama juu ya miwani.

"Iko ndani ya ukuta ama nje?"

"Nje, Bwana."

"Basi usinigombanishe na Mama. Fanya vile amesema."

Nikakwangua. Nikachora ngazi ishirini na mbili.

Siku ya kutia saini Daktari alikagua wodi, akahesabu vitanda, hakutupa jicho nje ya ukuta. Nilikuwa nimesimama pembeni yake nikishika pembe ya karatasi isijikunje. Mchoraji hakuwa na ruhusa ya kusema kikaoni. Ndiyo ilikuwa desturi. Lakini hakuna aliyenifunga mdomo. Niliogopa kupoteza kazi, basi. Bwana Msanifu aliinua karatasi dirishani, akatafuta alama ya wembe, akaikosa. "Safi kabisa, Okelo," akasema, nami, mjinga mimi, nikafurahi.

Kliniki ilipofunguliwa nilimleta Akinyi. Kufika benchi midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akakaa, ziwa likimetameta mbele yake, wala hakulitazama.

"Owadwa," akaniita, yaani ndugu yangu, "ni nani alijenga hospitali juu hivi?"

"Ni wakubwa," nikamjibu.

Akapumzika, akasimama, akapanda ngazi sita nyingine. Ya saba hakuikanyaga. Nilimbeba zilizobaki nikilia. Daktari alihangaika naye kwa moyo wote, hilo sitamnyima, lakini Akinyi hakufungua macho tena. Daktari akatoka mlangoni, jasho likimtiririka, akatazama chini.

"Nani alichora hizi ngazi?"

"Ni mimi," nikasema. "Na saini ni yako, Daktari."

Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, na koti lake jeupe.

Wiki iliyofuata niliamriwa kuurudisha mteremko, kwenye karatasi ileile. Niliuchora juu ya mkwaruzo wangu mwenyewe. Wino ukasambaa. Bwana Msanifu akauona.

"Okelo, siku hizi mkono umekuwa mchafu."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine. Siku ya kustaafu walinisifu kwa mkono safi, vijana wakapiga makofi, nami nikarudi zangu nyumbani Migosi bila kumaliza soda. Mteremko ulijengwa, wagonjwa wanaupanda, na hakuna anayejua ulianza kuchorwa lini. Vijana wa kazi hii hunijia kutaka maarifa ya ufundi. Ninayo moja tu. Ukiambiwa ukwangue kitu unachojua kinafaa, uliza mara ya pili, na umuulize kila mwenye saini. Bwana Msanifu nilimwendea mara moja. Daktari, niliyesimama naye bega kwa bega, sikumuuliza kabisa.