Kimanga Nilichokikataa Chawia

Haya, chekeni mapema tumalizane, maana mimi mwenye saiba, duka la intaneti, hapa Voi, mimi ambaye watu hutoka hadi Mraru kuniuliza kama tangazo la kazi ni la kweli au la matapeli (na sijawahi kukosea, ulizeni yeyote), ndiye niliyedanganywa na mtandao mbele ya wakwe.

Mchumba wangu Mwakio alikuwa ananipeleka kwao Chawia mara ya kwanza, na siku hiyo ndiyo mama yake angesema kama wazee waje kwetu au tuachane. Sasa mimi, Mkamba ninayejiheshimu, sikutaka kufika kwa watu bila kujua mila zao, nikatafuta mtandaoni, nikapata ukurasa unaosema kwamba Utaita mke mtarajiwa hukataa chakula mpaka mama mkwe amwimbie. Nikaamini hapo hapo. Picha zilikuwa nzuri, jamani.

Mama akaleta kimanga, yaani mihogo na maharagwe aliyoyaponda mwenyewe, nami nikainamisha macho, nikakataa. Akanisihi, nikakataa kwa tabasamu, nangoja wimbo. Mashangazi wakaanza kutazamana, na mama akaifunika ile sahani taratibu. "Basi tusimlazimishe," akasema. "Watu wa Voi wamezoea chipsi."

Hapo nikaona ndoa yangu inarudi jikoni pamoja na sahani, machozi yakanilenga, nikamnong'oneza Mwakio kwamba nafuata mila yao. Akauliza mila gani. Nikampa simu, naye badala ya kunisitiri akasoma kwa sauti sentensi ya kwanza kabisa, ambayo mimi niliiruka kukimbilia mambo ya wakwe: Wataita ni wavuvi wanaoishi kando ya bahari.

Watu wote wakageuka kutazama milima dirishani, kisha nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mama akajifuta macho kwa leso.

"Mwanangu, huyo aliyeandika alikula kwa nani huku?"

Nikaomba sahani yangu, nikala, nikaongeza, nikaongeza tena (sili hivyo hata kwetu), mpaka mashangazi wakasema huyu ni wetu, na wazee wakaja kwetu kweli.

Siku hizi mtu akileta tangazo saiba siangalii picha, nasoma tangu juu, natafuta nani kaandika na nani mwingine anasema hivyo, kisha nauliza lile swali la mama. Wateja hutaka kujua nililisomea chuo gani, nami huwajibu kifua mbele kwamba nililipata Chawia, kwa mama mkwe wangu, ambaye chakula chake sikatai tena maishani.