Wastani wa Darasa la Mama Régine

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ukaguzi wa shule, hapa Kolwezi, inspekta mkuu alinisukumia rundo la maksi akaniambia nitafute shule ipi inafundisha vizuri. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Nimeifanya mpaka mgongo ukapinda.

Nyinyi vijana mnabofya tu, jibu linatoka. Sisi tulikokotoa kwa kalkuleta: kwanza wastani wa kila darasa, kisha mtawanyiko, yaani maksi zimeachana na wastani kwa kiasi gani, halafu jaribio la t, linalouliza kama pengo kati ya madarasa mawili limezidi lile ambalo bahati peke yake ingeweza kulileta. Ni jaribio zuri, ila linawajua waliofanya mtihani tu.

Mwaka mmoja tulilinganisha shule mbili za Dilala, mtaa wa hapa Kolwezi. Mwalimu ambaye darasa lake lingebaki nyuma angehamishiwa Dilolo, mpakani na Angola. Lililobaki nyuma likawa la Mama Régine, mjane mwenye watoto waliokuwa wakisoma hapa mjini. Nilirudia hesabu, jibu likawa lilelile: tofauti ni ya kweli.

Alikuja ofisini, hakulia wala hakugomba.

"Tata, batoto ba darasa yangu balikuwa ku kariere, banachimba. Mi mwenyewe nilienda kubatosha mu mashimo, nikabaleta ku examen. Mwenzangu wa ile masomo ingine aliacha bake kule. Kama mi pia nilibaacha, moyenne, ile wastani yangu, ilikuwa ya kupanda."

Nilifuatilia, nikakuta ni kweli. Nikafanya jaribio upya, safari hii kwa wale tu waliohudhuria mwaka mzima katika shule zote mbili, na pengo likayeyuka. Nikampelekea inspekta mkuu.

"Tata, mi sikuuliza habari ya kariere," alisema bila kuinua macho. "Nilikuuliza darasa gani iko chini."

"Ni ya Mama Régine, Chef, lakini..."

"Basi, inatosha."

Mama Régine akahamishwa. Niliumia sana, na uchovu wa siku ile haujanitoka.

Mwaka uliofuata mwalimu mpya hakumfuata mtoto yeyote machimboni. Wastani ukapanda, akapongezwa.

Sasa nimestaafu. Jioni nikiwa barazani nawaona vijana wakirudi kutoka mashimoni, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wananisalimia kwa heshima, nami naitikia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia katika wastani wangu.