Seva ya Filemon pale Ushirika wa Maziwa

Kaka yangu Filemon, Mungu amrehemu, alitunza kompyuta za ushirika wa maziwa huku Kilema. Kwa kweli ilikuwa moja tu kubwa, seva. Ndani yake alitengeneza kompyuta pepe tatu, zinazogawana mashine hiyo moja: ya mapokezi, ya daktari wa mifugo na ya duka la pembejeo. Aliyelalamika kuwa yake ni nzito, Filemon alimwongezea memori, nafasi ya kufanyia kazi. Alikuwa na huruma mno.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kando ya baba. Kabla ya misa ya arobaini, seva ikaanza kuganda kila asubuhi. Foleni ya wenye ndoo ilifika barabarani, maziwa yakachacha. Mwenyekiti, Mzee Wenseslaus, akanipigia simu nikachukue hilo sanduku la marehemu, yaani seva, linatupwa. Niliumia. Kazi yake yote imo humo.

Nilikwenda na Mathew, fundi aliyesoma na Filemon Moshi mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuliombea au kulibeba?"

Mathew aliichunguza seva, akacheka kwa huzuni. "Dada Hilda, kaka aligawa memori kama mzee anayegawa kihamba kimoja kwa wana watatu, kila mmoja akaambiwa nusu ni yake."

"Sasa wanaishije?"

"Memori ikijaa, seva inachukua vitu vya mmoja wao na kuviweka kwenye diski, mbali. Haijui anavitumia au la. Mwenyewe anadhani bado anavyo. Akivitaka, anasubiri."

Kisha akaanza kuzipunguzia memori kompyuta zote tatu. Nikamshika mkono.

"Zinakwama, nawe unapunguza?"

"Kila moja ikijua imepewa kidogo, itahamisha vitu yenyewe. Yenyewe inajua kisichotumika."

"Itavihamishia wapi?"

"Kwenye diski."

"Ileile?"

"Ileile."

"Tofauti iko wapi?"

"Kwa anayechagua, dada."

"Huyu ni fundi au katekista?" akauliza mzee.

Sikuelewa. Nilishika rozari yangu, nikasali Salamu Maria hadi alipomaliza.

Kesho yake nilisimama pale mapokezi tangu ndoo ya kwanza. Foleni ilisogea, seva haikuganda hata mara moja. Mzee Wenseslaus aliitazama seva, akanitazama mimi.

"Haya, sanduku libaki. Limeponaje?"

"Sijui, mzee. Muulize Mathew."

"Nimemuuliza. Ndiyo maana nakuuliza wewe."