Mjomba na Wengine Wote Wanaonifahamu

Redio moja, mbuzi jike, doti mbili za khanga, na miezi ya kula ugali wa kujipikia huku mchumba yuko kwao: hiyo ndiyo bei ya jina moja nililoacha kuliandika kwenye kadi ya salamu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ghali zaidi, maana nilikumbuka betri.

Kwa wasioijua miaka ya tisini: kabla ya simu hizi kulikuwa na kadi za salamu. Unainunua dukani, unajaza jina lako, mahali ulipo, unaowasalimu na ujumbe, unaipeleka posta, kisha unakaa na redio hadi mtangazaji akutaje. Mimi niliuza ndoo na sufuria soko la Nachingwea, mtu wa kuja, sina ukoo pale hata wa kukopa chumvi. Nilipotajwa mara ya kwanza, watu waliingia kibandani si kununua, bali kunitazama. "Kumbe ndiye wewe!"

Nikanogewa. Nikawa nanunua kadi kama wengine wanavyonunua sigara. Nilimsalimu muuza vitumbua wa kibanda cha jirani kupitia redio ya Dar es Salaam, kisha asubuhi nikampita bila kumtazama, nikiwahi kusikiliza kama nimetajwa.

Basi nikapata mchumba Narung'ombe, upande wa Ruangwa, nilikokuwa nikipeleka ndoo siku za gulio. Mahari ikapokelewa, siku ya ndoa ikapangwa. Kwa furaha nikanunua kadi. Juu kabisa nikamweka baba mkwe, herufi kubwa. Wakafuata mama mkwe, mashemeji, rafiki zangu wa sokoni. Nafasi ikaisha. Nikamalizia kama sote tulivyokuwa tukimalizia: "na wengine wote wanaonifahamu."

Mjomba wa mchumba wangu alikuwa humo, kwenye wengine wote.

Nilikozaliwa mimi, baba ndiye mwenye binti. Kwa Wamwera baba anaheshimiwa, anapewa kiti, lakini anayemtoa binti ni mjomba. Hilo nililijua; mahari nilimkabidhi yeye mkononi. Ila kalamu yangu ilikuwa bado ya kwetu.

Kadi ikasomwa. Wiki ileile mshenga wangu akaja sokoni, hata maji hakuomba.

"Ndoa imesimama."

"Imesimama wapi?"

"Kwa mjomba. Anasema kama yeye ni wengine wote, basi kaoe kwa hao wengine wote."

Nikafunga kibanda, nikaenda. Mjomba alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Karibu, mkwilima," alisema. Ndivyo wanavyomwita mkwe. "Unanifahamu?"

"Nakufahamu, mjomba."

"Nami nakufahamu. Kumbe mtangazaji hakukosea."

Barazani wakacheka, mshenga wangu akiwamo. Nikaomba radhi. Mjomba akasema radhi ya mdomo ni ya tusi la mdomo. La redioni huishia redioni. Nitume kadi nyingine, jina lake peke yake. Na kwa kuwa lile la kwanza alilisikia kwa jirani, amesimama dirishani kama mdai, hili la heshima atalisikiliza kwake, ameketi. Kwa hiyo redio. Na mbuzi, wa kuwalisha mashahidi. Na khanga za mkewe, ambaye naye hakutajwa.

Nikajaribu biashara. "Redio nitaleta, mjomba. Betri utatia wewe."

"Sawa. Nami nitakupa mpwa wangu. Idhini utaitia wewe."

Nikaleta na betri.

Kadi ya pili ikalala posta ilivyotaka. Mjomba hakuzima redio: habari, mpira, bei za mazao, vyote alivimeza asije akakosa jina lake. Betri zikilegea alizianika kwenye ungo, kando ya mihogo. Nikipita Narung'ombe na ndoo zangu nachungulia kwanza juani, kama mkulima anavyotazama mawingu. Ndoa yangu ilikuwa kwenye ule ungo.

Siku iliposomwa, mjomba alikuwa shambani akifukuza ngedere. Watu walimkimbilia wakipiga vigelegele. Aliporudi akanikuta uani kwake.

"Mimi sikusikia," akawaambia waliomfuata. "Atume nyingine."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Aliyeniokoa ni mchumba mwenyewe, aliyekuwa akichambua kisamvu pembeni.

"Mjomba, redio zote za hapa zimesikika. Ukisema wewe hukusikia, si watauliza kama hiyo uliyoletewa ni mbovu?"

Mjomba akaitazama redio yake, ambayo mkewe alikuwa ameshaishonea kitambaa cha maua.

"Mbovu nani?" akasema. "Nimesikia. Nilikuwa nasikia kulekule shambani."

Tukaoana.

Mtu mwenye akili angekoma. Lakini kadi zilipokufa zikaja simu, na mimi ni yuleyule. Sikukuu ya Idi natuma meseji moja kwa watu wote, nahesabu waliojibu, nahesabu tena, kisha nawanunia wasiojibu, hata anayeswali bega kwa bega nami. Mke wangu huniuliza kwa nini nisimpe mkono palepale. Namwambia nitampa. Simpi. Salamu ya mkono nani ataiona?

Sasa binti yetu ameniingiza kwenye ule mtandao wa simu wa kuweka picha na kuokota marafiki. Nimeweka picha yetu ya ndoa. Walioipenda ni wengi, wengine siwajui. Tatizo ni mpiga picha wa siku ile: alimkata mjomba. Linaonekana bega tu, na redio.

Habari zimeshafika Narung'ombe. Mshenga wangu, mzee sasa, amenipigia leo: mjomba anauliza lile bega ni la nani. Tena ameuliza kwa upole, na katikati ya maneno akagusia simu yenye intaneti, ili ajionee mwenyewe, ameketi.

Ninyi mnaoijua mitandao, nishaurini. Nikiifuta picha, atasema sasa nimefuta na bega. Nikiiacha, nianze kuuliza bei ya simu. Na kama zipo zinazouzwa bila chaja, mniambie mimi kwanza.