Picha Nliyopigwa kwa Hiari Yangu, Kisha Nikaikana

Jamani, nimekosa! Na aliyeumia si mimi peke yangu. Skuli niliishia kuzijua herufi tu, mtanisamehe mwandiko.

Mimi ni somo hapa Mji Mkongwe. Nnaingia chumbani na bi harusi, nnamsinga mwili ung'are, nnamfundisha kukaa na mume. Mama zenu wengi nimewasinga mimi. Mmoja alikuwa kila nikimpaka anapiga chafya, hata mumewe... basi, tuyawache hayo.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, anasoma chuo Tunguu na anapiga picha. Siku moja akanambia, "Bibi, mwanamke anafundishwa kila kitu. Mwanamme nani anamfundisha? Hebu tuwageuze, watu wacheke, wakishacheka wafikiri."

Nikacheka mimi mwanzo! Tukamkamata baba yake, tukamkalisha mkekani, nikamfunika kanga kichwani, nikampaka singo, ule unga wa kusingia maharusi, mashavuni kwa mikono yangu. Mimi nimemsimamia na kidole juu.

"Mama, linawasha hili!"

"Vumilia, bwana harusi. Wenzako wanavumilia wala hawasemi."

Chini ya picha mjukuu wangu akaandika: "Mke akichelewa kurudi, usimuulize. Mpe maji, tabasamu."

Ikatundikwa kwenye maonyesho, hapa hapa mjini. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha nikawasikia wanaulizana: kweli, kwa nini wanaume hawafundishwi?

Halafu picha ikaingia kwenye simu. Akanijia mama mmoja wa mtaa wa Amani, ambaye bintiye nlikuwa nimsinge wiki ile. Hata shikamoo hakutoa!

"Bi Somo, wewe ni wa kutufundishia watoto au wa kutucheza shere?"

Nikaogopa. Niliona kazi inakwenda, heshima inakwenda. Nikasema, "Yule mtoto kanidanganya. Alinambia ni picha ya ukumbusho wa nyumbani."

"Basi semea hapa, wenzangu wasikie." Akanisogezea simu mdomoni. Nami, ole wangu, nikasema!

Sauti ile ilizunguka Unguja nzima. Picha zote za mjukuu wangu zikateremshwa, eti kapiga watu bila ridhaa. Wenzake wakamwita mdanganya vizee. Akaja kwangu, wala hakupiga kelele.

"Bibi, si nilikuuliza kwanza? Si ulicheka?"

"Nliogopa, mwanangu."

"Ungenambia unaogopa, ningeiteremsha mwenyewe. Sasa muongo nimekuwa mimi."

Kamera hajaishika tena. Na yule mama wa Amani? Alitafuta somo mwengine vilevile!

Mjukuu wangu kaolewa juzi juzi. Aliyeingia naye chumbani ni mwanamke mgeni kabisa. Mimi, niliyewasinga mabinti wa watu mji mzima, nlikaa uani namenya vitunguu thomu vya pilau!

Nimerikodi sauti nyengine, nimesema kweli: picha nlipigwa kwa hiari yangu na niliipenda. Nimewatumia wote. Hakuna hata mmoja aliyeirusha kwa mwenzake! Ule uongo nani aliwaomba waurushe?

Basi nyinyi watu wazima wenzangu, mtoto akikushirikisha jambo lake ukalikubali, siku ya kuulizwa sema, "Ni mimi." Ukiogopa, mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili. Usimuuze kwa majirani.

Mimi, mjukuu wangu Idi hii kanipa mkono, "Shikamoo, bi mkubwa," kama mtu aliyenikuta njiani. Nikaitika marahaba. Nifanyeje?