Mstari Uliorukwa Mara Mbili

Eufrasia si mzaliwa wa Castrillo. Aliolewa hapa akitoka ng'ambo ya mto, na japo amezika mume na kulea mtoto papa hapa, wapo wanaomwita mgeni hadi leo, mimi nikiwamo ninapotaka kumchokoza. Ni mwanamke wa kusema kweli hadi anakera. Mkate wangu ukiungua atakuambia umeungua, nami niliyeuoka nimesimama hapo hapo. Ndiyo maana habari hii ilinishtua mimi kuliko mtu mwingine yeyote mjini.

Chuo kikuu cha mkoani kilipotafuta watu wa kujitolea kunakili tarihi ya kale ya wafalme wetu, alijiandikisha siku ile ile, nami nikamfuata nisije nikabaki na paka peke yangu. Kila Alhamisi tulikutana kwenye shule iliyofungwa kwa kukosa watoto. Unafungua kompyuta, inatokea picha ya ukurasa wa ngozi ulioandikwa na mtawa karne nyingi zilizopita, nawe unaandika kilichomo, mstari baada ya mstari. Kanuni ya Profesa Amparo, msimamizi wetu, ilikuwa moja: andika unachokiona, si unachokijua. Tena kila ukurasa hunakiliwa na watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwa jina la kubuni, kisha mashine inalinganisha. Walipoafikiana panakuwa kijani, walipotofautiana panakuwa pekundu. Ugonjwa wetu sote ulikuwa kuruka mstari, maana jicho likichoka huacha neno hapa na kutua kwenye neno kama hilo huko chini. Mimi niliwahi kuruka vita vizima, na maaskofu wawili juu yake.

Kurasa tulijichagulia wenyewe. Eufrasia aliung'ang'ania ule unaotaja Castrillo, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu nyumba aliyoolewa ndiyo nyumba ya Ufunguo. Kila Septemba, siku ya sikukuu, mwanamume wa nyumba ile hubeba ufunguo mkubwa wa chuma, mji mzima ukimfuata, akienda kulifunga lango la kale kwa kumkumbuka babu yao, mlinzi aliyekataa kuwafungulia maadui. Marehemu Casto, mume wa Eufrasia, aliubeba hadi mwisho wa maisha yake, na kaburi lake limechongwa ufunguo. Sasa anaubeba mwana wao Eladio, fundi wa matrekta, ambaye alikuwa akitucheka kwamba tunawasumbua maiti waliojilalia.

Alhamisi moja nilimwona Eufrasia amekauka mbele ya kompyuta, mkono mdomoni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema macho yanamuuma, akaondoka hata koti hakufunga vifungo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwake, dengu ziko motoni, tunamngoja Eladio aje kula. Simu ikalia. Alikuwa Profesa Amparo, na kwa vile Eufrasia hasikii vizuri, sauti ilijaa jiko zima. Profesa alikuwa na furaha ya bibi harusi. Ukurasa wa Castrillo ulikuwa kijani kuanzia juu hadi chini, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kazi ianze.

"Wewe na mwenzako anayejiita Tordillo hamkuachana hata nukta," alisema. "Nawapongeza."

Eufrasia alikata simu bila kuaga. Alikaa kwenye kiti, uso umempauka, mpaka nikadhani ni moyo. Kisha akamwaga yote. Mtawa yule aliandika wazi kwamba mlinzi wa Castrillo aliwafungulia maadui usiku, baada ya kuahidiwa kwamba nyumba yake haitaguswa, na watu waliokimbilia kanisani wakachomwa humo. Eufrasia aliuruka mstari huo kwa makusudi. Alijua mwenzake atauandika, mashine itaonyesha nyekundu, na wasomi wataamua wenyewe. Alichotaka ni kwamba mkono wa kumvua mwanawe heshima usiwe wake.

"Wewe, shoga?" nikamwambia. "Wewe wa kusema kweli?"

Akanipungia mkono ninyamaze. Kilichomtisha kilikuwa jambo jingine. Tordillo lilikuwa jina la nyumbu wa Casto, mnyama wa mizigo, mkaidi, aliyekufa zamani, asiyekumbukwa na mtu nje ya nyumba ile.

Eladio akaingia, anajifuta grisi kwa kitambaa.

"Tordillo," mama yake akamwita.

Kitambaa kikamtoka mkononi. Akanitazama mimi, akautazama mlango, mwishowe akaketi. "Nilijiandikisha kwa siri, nikauruka mstari kwa ajili yako, mama," alisema. "Sikutaka uujue."

"Na mimi niliuruka kwa ajili yako. Haya, uliuona lini?"

"Sikusubiri kuuona. Baba aliniambia alipokuwa ananikabidhi ufunguo. Naye aliambiwa na babu. Nyumba hii inajua siku zote, mama. Ni wewe tu ambaye hukuambiwa."

Nilishika meza. Miaka yote hiyo amewafulia, amewapikia, amewapigia pasi mashati ya sikukuu, nao wamekaa na neno hilo wanamtazama. Nilitaka kumrushia Eladio mwiko. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Unakumbuka usiku wa sikukuu baba alivyokuwa harudi mpaka kuche?"

"Alikuwa analewa," akasema Eufrasia.

"Hakulewa hata mara moja. Alikuwa anakesha langoni. Yule wa kwanza alishindwa kulinda usiku mmoja, basi kila mwenye ufunguo analinda usiku mmoja kwa mwaka, kimya kimya, watu wakishaenda kucheza. Nami ninafanya hivyo hivyo."

Eufrasia aligeuka kuutazama mlango. "Nilikuwa namfungia mlango," alisema. "Kila mwaka. Nikimwita mlevi kupitia dirishani, majirani wote wasikie. Alikaa kwenye ngazi na baridi ile mpaka hasira ziniishe, na hakusema kitu." Kisha akalia kwa sauti, mimi nikalia, na dengu zikaungua.

Alipokwisha kulia, aliosha uso, akavaa miwani na kuwasha kompyuta ya nyumbani. Akamwambia Eladio asome, yeye aandike.

"Watatunyang'anya ufunguo, mama."

"Wauchukue. Soma."

Wakaurudisha mstari, neno kwa neno, na Eufrasia akampigia Profesa kumweleza kilichotokea, bila kujitetea.

Habari ilipofika mjini watu walipigwa na bumbuwazi, kisha wakapandwa na hasira, na hasira zao walimmalizia mgeni wa ng'ambo ya mto. Meya akauchukua ufunguo na kumpa mpwa wake. Septemba kijana yule alilifunga lango, makofi yakapigwa, watu wote wakaenda kwenye ngoma uwanjani.

Eufrasia alikuja na kiti cha jikoni, amevaa koti la Casto. Akakaa upande mmoja wa lango, Eladio upande wa pili. Nilishindwa kucheza. Nikaenda nyumbani, nikatoa mkate tanurini, nikawapelekea na blanketi.

Aliumega, akatafuna kidogo, machozi yanamtiririka.

"Umeungua," akasema, na akanisogezea nafasi kwenye kiti.